Neno Nililomchagulia Dada

Kabla hamjasikia kwa watu wa sokoni, maana wale lazima waongeze chumvi, sikieni kwangu mimi Sumayah: ndoa ya dada yangu Latifah na Muniru haikufungwa. Ndiyo, ile ile. Nguo tulishashona, sufuria za pilau tulishaazima msikitini, na mimi nilishachagua pa kusimama kwenye picha. Haikufungwa. Kilichoizuia ni karatasi moja, na hiyo karatasi niliitaipu mimi mwenyewe, nikapiga na mistari miwili chini ya kichwa chake ili ipendeze.

Ngoja nianzie mwanzo. Mdomo wangu unakimbia kuliko miguu, Baba ananiambia kila siku.

Latifah ananizidi miaka sita. Aliolewa Bwera na Wahabu, mwenye Fuso, yule anayebeba maharage na kahawa ya soko la Mpondwe kuleta kwetu Kasese. Walikaa miaka mitano, mtoto hakuna. Mwaka wa tano Wahabu akaanza kununua manukato, na sisi wote tunajua mwanaume mwenye Fuso akianza kunukia vizuri maana yake nini. Mwaka jana, Jumatano moja ya mwezi wa kwanza, akasimamisha gari mbele ya nyumba yetu. Juu ya magunia ya maharage kulikuwa na godoro la Latifah, mabegi mawili, na cherehani yake ya mahari imefunikwa shuka. Latifah mwenyewe alikuwa mbele, anaangalia tu kioo cha gari.

Wahabu akamsalimia Baba kwa mikono miwili.

"Muzee, miye na mutoto yako tumechoka," akasema. "Hatukupigana, hatukutukanana. Tumechoka tu."

Baba ni mtu wa bucha, anachinja tangu kijana, lakini siku hiyo hakuweza kusimama. Presha yake tunaijua. Akakaa chini, akanywa maji, halafu akasema:

"Mimi maneno ya barabarani sitaki. Kesho utakataa. Nataka karatasi, mwenyekiti agonge muhuri. Na iwe ya Kizungu. Karatasi ya Kiswahili watu wanafungia sambusa."

Wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Mnaelewa jinsi nilivyojisikia? Nilikuwa nimemaliza chuo miezi miwili tu kabla ya siku ile, diploma ya ukatibu na kutunza kumbukumbu, na nimepata kazi kwenye duka la kutaipu na fotokopi karibu na soko. Mama analia kwenye mkeka, dada yangu ameletwa na magunia ya maharage, na mimi moyoni nikafurahi. Nasema ukweli. Nikafurahi kwamba hatimaye ada ya chuo imeonekana faida yake.

Nikapanda Fuso na Wahabu kwenda dukani kuitaipu.

Sasa, neno. Daivosi nililiogopa. Linatoka mdomoni kama kofi. Talaka ndiyo kabisa, nikifikiria Baba anaisoma, nikamwona ameanguka. Nikakumbuka neno ambalo mwalimu wetu wa kumbukumbu alilipenda sana: separeti. Faili za wafanyakazi ziwe separeti na faili za wateja. Bweni la wasichana separeti, la wavulana separeti. Jikoni chuoni taka za maganda separeti na taka za plastiki. Hata sekondari tulilisoma kwenye maabara, mafuta juu, maji chini, na hakuna anayelia. Neno safi, halina damu. Nikaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: Separesheni. Chini nikaandika kwamba hawa wawili, kwa hiari yao, kuanzia leo, wametengana.

Wakati natafuta neno, Wahabu alikuwa ameegemea meza yangu.

"Sumayah, andika tu kitu ya pole," akaniambia. "Miye na Latifah ile mambo imekwisha, imekwisha kabisa. Lakini sitaki kuua muzee."

Nikamwonyesha. Akasoma polepole, midomo inacheza.

"Separesheni. Ee! Hiyo neno iko muzuri. Iko na adabu." Akacheka, akaninunulia soda. Na mimi nikainywa.

Tulivyorudi, mwenyekiti wetu wa mtaa, wa LC, Mzee Yeseri, alishafika na muhuri wake kwenye mfuko wa koti, ametoka shambani kwake Karusandara na matope kwenye buti. Mzee Yeseri ni Mprotestanti, mtu mwema, hakujua la kuuliza. Akasoma, akatikisa kichwa.

"Hii ndiyo kutengana kwa watu wenye akili," akasema. "Wengine hapa wanakuja kwangu na mapanga."

Akagonga muhuri. Wahabu akatia sahihi, Latifah akatia sahihi, Baba akatia dole gumba ingawa anajua kuandika, kwa sababu aliona dole gumba ndiyo nzito zaidi. Wahabu akashusha cherehani mwenyewe, akaaga, akaenda.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la kijinga mpaka nikilala nalifikiria. Mwanaume wa Kiislamu anaacha kwa mdomo wake. Mtoto wa madrasa anajua. Atamke, mashahidi wasikie, basi. Sisi siku ile tulikuwa na karatasi ya Kizungu na muhuri wa bluu, mtu mzima na mtoto wote tukauangalia ule muhuri unavyokauka, na hakuna hata mmoja aliyemwambia Wahabu, "Haya, fungua mdomo." Shehe hatukumwita. Tungemwita wa nini? Serikali imeshagonga.

Latifah akakaa eda. Miezi mitatu haendi harusini, haendi sokoni, hapaki hina, anashona nguo za watu ndani na mlango umerudishwa nusu. Siku ya mwisho akaoga, akavaa gauni la kijani, akatoka nje akakaa kwenye ngazi juani. Nikampiga picha. Ninayo mpaka leo kwenye simu, na siifungui.

Neno langu nalo likapata miguu. Mtaa mzima ukalichukua. Mwanamke akinuna na mumewe siku mbili, anasema tuko separesheni. Mwenye mbuzi wawili wanaopigana anawaweka separesheni. Mambo ya ugonjwa yalipotisha watu wa mpakani, wauguzi wakaweka hema lao na kamba, na kina mama wakarudi wanasema, "Wale wenye homa wamewafanya kama Latifah." Latifah anasikia, anakanyaga cherehani. Mimi nilikuwa nacheka. Niliona nimeongeza neno kwenye mji.

Mtu mmoja tu hakucheka. Nyanya Tabisa, mama yake mama, anakaa Maliba na ni Mkristo wa kanisa kila Jumapili, kwa sababu mama alisilimu alipoolewa lakini watu wake walibaki. Tulipomweleza akasema:

"Separesheni naijua. Mimi na babu yenu tulifanya miaka kumi na tisa. Nyumba moja, yeye jiko lake, mimi jiko langu, hatusalimiani. Padri akasema sawa, ilimradi msiachane. Na alipokufa nani aliitwa kumvika soksi? Mimi bibi yake."

"Nyanya, ya Latifah ni tofauti," nikamwambia. "Hii ina muhuri."

Akanitazama tu, akaendelea kumenya viazi.

Ndipo Muniru akaja. Muniru ni fundi wa kuchomelea vyuma, alifiwa na mke, umri wake kama arobaini, anakaa Kilembe kwenye zile nyumba za zamani za mgodi. Alikuja kutengeneza nondo za dirisha la bucha, cheche zikatoboa ovaroli lake, Baba akamwambia binti yangu anashona. Ovaroli likashonwa. Wiki iliyofuata likatoboka tena. Wiki ya tatu likatoboka mahali ambapo cheche haiwezi kufika hata kidogo, na Mama akaanza kuweka chai mapema.

Si mtu wa maneno. Siku ya kuja na wazee wake, walimwuliza anataka nini kwenye nyumba hii, naye akasema, "Kelele sitaki. Nataka mtu wa kula naye." Latifah alikuwa nyuma ya pazia na mimi. Akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ningempa ule mkono auvunje, nilivyofurahi.

Siku ikapangwa. Ikabaki wiki moja, Baba na mimi tukaenda kwa Shehe Siraj, ofisini kwake pembeni ya msikiti, kuandikisha. Nikatoa karatasi yangu kwenye bahasha ya plastiki kama cheti cha chuo.

Shehe akavaa miwani. Akasoma mara mbili.

"Imeandikwa vizuri," akasema.

"Mimi ndiye niliyeandika, Shehe."

"Mashallah. Sasa, Mzee, huyu bwana alitamka nini?"

Baba akanitazama. Mimi nikamtazama Baba.

"Alitia sahihi," Baba akasema.

"Naiona sahihi. Nauliza mdomo wake ulisema nini. Nimekuacha? Nimekupa talaka? Maneno gani?"

"Alisema tumechoka," nikajibu.

Shehe akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi. "Binti, Kizungu hiki nakisoma. Kinasema wametengana. Hata mimi na mke wangu mwezi wa Hija tulitengana, yeye hapa, mimi kule. Hili si neno la wazi la talaka. Linaweza kuwa talaka, lakini kama mwenyewe alikusudia talaka wakati anaweka sahihi. Na nia ya mtu iko moyoni mwake. Ni yeye tu wa kuulizwa."

"Na asipokusudia?"

"Basi Latifah ni mke wa mtu tangu siku ile mpaka leo. Siwezi kumwozesha."

"Lakini alikaa eda!" nikapiga kelele, mpaka watoto wa madrasa dirishani wakanyamaza. "Miezi mitatu, Shehe! Nilimwona!"

"Alikaa," Shehe akasema polepole. "Sijui alikaa ya nini."

Baba alitoka mle akisimama kwenye kila nguzo.

Tukaenda Bwera kesho yake kwa gari la Shehe: Shehe, Baba, Latifah na mimi.  Kufika Kikorongo Latifah aliniuliza, "Aliposoma ile karatasi dukani, alikuambia nini?" Nikamwambia yote, imekwisha kabisa, soda, yote. Akasema, "Basi ukisimama mbele ya Shehe useme hivyo hivyo, usiongeze hata nukta." Nikaapa.

Wahabu alitupokea kama wageni wa Idi. Fuso iko uani, nyumba amepaka rangi mpya ya pinki, na mke mpya, Jamilah, akaleta soda na karanga, anatutazama chini ya kope. Huyu Jamilah si mbaya, nasema ukweli. Ni mdogo kuliko mimi.

Shehe akaeleza kwa heshima, akaiweka karatasi mezani. "Wahabu, siku ulipoweka sahihi hapa, ulikusudia kumwacha mke wako?"

Wahabu akachukua karanga moja, akaimenya.

"Shehe, batu ya soko banasema mutu ya kuchomelea anataka kuoa bibi yangu. Bote bananicheka. Wananiuliza, Wahabu, weye ulikufa lini, bibi yako anaolewa?"

"Nimekuuliza nia yako."

"Nia?" Akatema ganda. "Nilitaka tupumuzike. Yeye kwao, miye hapa, roho itulie. Ndiyo maana hata ile neno ni ya kupumuzika. Kama ningetaka kuacha, mudomo sina?"

"Mwongo!" Nikasimama, soda ikamwagika. "Uliniambia imekwisha! Imekwisha kabisa, uliegemea meza yangu! Ukasema hutaki kuua muzee!"

"Sumayah, keti," Shehe akasema.

"Ulisema!"

"Nani alisikia?" Wahabu akaniuliza, taratibu kabisa, anatabasamu. "Weye peke yako? Mutoto ya juzi? Weye ndiye uliandika separesheni. Miye nilikuambia andika separesheni? Ungeandika talaka, si ningesoma talaka?"

 Nikakaa juu ya soda iliyomwagika.

Shehe akamletea Msahafu. Baba akasema, "Mwanangu, usiape. Mimi ni mtu mzima, usiape." Wahabu akaenda kutawadha, tukasikia maji ya birika, akarudi mikono inadondoka, akaapa kwamba siku ile hakukusudia talaka. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Shehe akajaribu tena. Akasema mwanamke anaweza kujivua kwa kurudisha mahari. Latifah hakungoja amalize: "Cherehani iko Kasese. Jioni itakuwa hapa." Wahabu akatikisa kichwa. "Sitaki cherehani. Miye nataka heshima yangu." Shehe akasema basi atamwandikia kadhi, kesi itasikilizwa, itachukua muda wake.  Ule muda tulikuwa tunauona. Wazee wa Muniru hawangesimama barazani kwa kadhi kugombania mke wa mtu.

Halafu Latifah akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anamwuliza mteja kipimo cha kiuno.

"Shehe, kwa hiyo mimi ni bibi yake."

"Kwa kiapo chake, ndiyo."

"Na mwenye wake wawili anagawaje?"

"Sawasawa. Zamu kwa zamu. Na kila mmoja chumba chake na chakula chake."

"Huyu mdogo wangu amekaa peke yake mwaka na nusu. Sasa zamu yangu imefika." Akavua baibui, akalitundika kwenye msumari palipokuwa na kofia ya Wahabu. "Nimefika nyumbani. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa changu."

"Ee! Wahabu!" Jamilah akatoka jikoni na kijiko. "Huyu anaingia wapi? Mule mumo na vitu yangu!"

"Latifah, hapana kwa haraka hivi," Wahabu akasema. "Kwanza urudi kwenu, tupange..."

"Umeapa, au hukuapa?"

Wahabu akamtazama Shehe. Shehe alikuwa anafuta miwani, anaifuta, anaifuta, na mimi nitasema mpaka kufa kwamba Shehe Siraj alikuwa anacheka ndani ya ndevu.

Tukarudi Kasese watatu. Baba aliwaambia watu wa Muniru kwamba Latifah ni mgonjwa kidogo, yuko kwa nyanya yake Maliba, ndoa isogezwe mbele. Mimi nikaambiwa nifunge mdomo. Nikafunga.

Lakini kila alasiri dada ananipigia simu, na mimi naenda kucheka nyuma ya duka. Zamu yake ikifika, anajifungia na komeo, anasema mwili haumtaki. Zamu ya Jamilah ikifika, anaweka kiti mlangoni anahesabu saa kwa sauti, anasema sheria ni sheria. Akipika Jamilah, Latifah anapika pia, sahani mbili mbele ya Wahabu, na akila moja akiacha nyingine kunakuwa na kilio. Wahabu akahamia kulala ndani ya Fuso. Wapakiaji wake wakamwona asubuhi anashuka na blanketi. Mmoja wao, Swalik, akampigia kelele mbele ya watu, "Patron! Iko na bibi mbili, na unalala mu kabini kama tairi ya akiba!"

Mnacheka, ee? Na mimi nilicheka. Latifah hakuwa anacheka. Siku moja aliniambia, "Sumayah, nikisikia kikohozi chake dirishani natapika kweli." Nikamwambia vumilia. Mimi na soda yangu.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumanne, siku ya soko. Jamilah akafika pale Fuso inapopakiwa, begi kichwani, akasema anavuka mpaka kwenda Kasindi kwa mama yake na harudi mpaka nyumba iwe na mwanamke mmoja. Latifah alikuwa nyuma yake amebeba chakula cha mchana cha mume, sahani imefunikwa vizuri. Wahabu akawatazama, akawatazama wapakiaji, kila mtu ameacha gunia lake. Akalipuka. Akamwelekezea Latifah kidole:

"Nimekuacha! Talaka moja! Talaka mbili! Talaka tatu! Toka mu macho yangu!"

Latifah akaweka sahani chini. Akawauliza wapakiaji, mmoja mmoja, "Umesikia? Wewe umesikia? Swalik, umesikia?" Swalik aliogopa mpaka akainua mkono kama darasani.

Shehe akapigiwa simu, akaongea na mashahidi, akasema: tatu, imepita, hakuna kurejeana. Ila eda, safari hii ya kweli, mwanamke anaikaa kwenye nyumba alimoachwa. Miezi mitatu, chumba cha mbele, pinki, Bwera. Wahabu hana ruhusa ya kumfukuza wala kumgusa.

Mniambie, mtu akiwa na habari kama hii anaiweka wapi? Nilifunga duka saa tisa tu alasiri. Nikachukua bodaboda mpaka Kilembe. Muniru alikuwa amechuchumaa anachomelea geti, nikamzunguka, nikaanza kusema kabla hajavua kioo cha uso. Nikamwambia Latifah yuko huru. Nikamwambia ya Wahabu, ya kiapo, ya sahani mbili, ya tairi ya akiba. Nilikuwa nacheka, naigiza mpaka sauti ya Jamilah.

Akazima mashine. Ghafla ukasikika mto ulioko nyuma ya zile nyumba.

"Si niliambiwa yuko Maliba?"

Ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimefunga mdomo.

"Ilikuwa... Baba hakutaka..."

"Siku ngapi kwa Wahabu?"

"Kumi na moja. Lakini alikuwa anajifungia! Komeo, shemeji, ndani!"

"Wewe ulikuwepo?"

"Hapana, lakini Latifah hasemi uongo."

"Sijasema anasema uongo." Alikuwa anaokota vipande vya waya chini, kimoja kimoja, anavipanga. "Nilikuwa nawaambia watu wangu yuko kwa nyanya yake anaumwa. Nilituma ndizi Maliba. Nyanya yako alipokea, akanishukuru."

Hilo sikulijua. Nyanya Tabisa!

"Na sasa anakaa pale pale miezi mitatu mingine," akasema.

"Ni sheria, Shehe amesema."

"Najua sheria. Mimi nikikaa na wazee wangu, niseme nini? Mke ninayemtaka amelala siku kumi na moja kwa mume wake, na yuko huko bado, na nilidanganywa na nyumba nzima." Akasimama, magoti yakalia. "Sina ugomvi na dada yako. Mwambie Mungu amfungulie njia. Nilisema kelele sitaki."

"Aliingia mle kwa sababu yako!" nikamwambia. "Anatapika mle kwa sababu yako!"

Akavaa kioo chake. Ukivaa kile kitu huna uso, mtu hawezi kukusoma. Cheche zikaanza, nikarudi nyuma.

Siku mbili nilikaa na hiyo habari tumboni. Mimi! Siku mbili! Siku ya tatu nikaenda Bwera na nguo za Latifah. Nilimkuta uani, anaosha nguo zake peke yake kwenye beseni, kanga ya kichwa imefungwa chini kama mwanamke wa eda. Jamilah alikuwa upande wa pili na beseni lake, na katikati ya uwanja wamepitisha kamba, ya huyu huku, ya huyu kule. Fuso haipo.

"Muniru anasemaje?" akaniuliza kabla ya salamu.

Nikajaribu kuanzia mbali. Nikaanza na geti alilokuwa anachomelea. Akanikatiza.

"Ulimwambia siku kumi na moja."

"Ilinitoka."

Akakamua gauni, akalikamua mpaka likaacha kudondoka, akaendelea kulikamua. Ni lile la kijani, alilovaa siku tuliyomwacha pale. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nataka anitukane. Jamilah akaacha kufua, akatazama beseni lake.

"Amesema Mungu akufungulie njia," nikasema.

"Sawa."

"Latifah, nirudi kwake nimweleze vizuri? Au niandike, nimwandikie barua, naweza kuandika..."

"Usiandike kitu."

Alianika gauni upande wake wa kamba, akalivuta kwenye pembe mpaka likanyooka. Halafu akaja kwenye mfuko nilioleta, akatoa nguo moja moja, akaingiza mkono mpaka chini, akatafuta.

"Na sabuni?"

Nilikuwa nimeisahau. Jamilah akaivusha yake chini ya kamba, kipande, na dada yangu akaipokea.